Kabla hujanunua fomu: kwa mzazi wa darasa la saba

Mimi nauza karatasi. Nina duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga mjini: mashine mbili za kopi, kompyuta, printa na benchi la mbao la wateja. Kuanzia Agosti mpaka Januari benchi hilo hukaliwa na wazazi wa darasa la saba. Huyu kaja kutoa kopi mitihani iliyopita, huyu kuchapa fomu ya shule binafsi aliyotumiwa kwa simu, yule kuskani cheti cha kuzaliwa, na matokeo yakitoka wote huja kuangalia. Wanangu watatu wamepita njia hiyo hiyo, kwa hiyo nayajua ya mbele ya kaunta na ya nyuma yake.

Nilichokiona ni kwamba anayeteseka zaidi si mzazi ambaye mwanawe ni mzito darasani. Ni yule ambaye hajui mtoto akikosa atampeleka wapi. Huyo hata mtoto akiwa wa kwanza darasani, yeye hali, halali, presha inapanda, na mwishowe anamfokea mtoto kwa jambo la ndala zilizoachwa mlangoni. Ndiyo maana mimi naanzia mwisho.

Andika kwanza atakwenda wapi akikosa

Kabla ya Agosti chukua karatasi, kaa na mwenzio, au na bibi, mjomba, yeyote unayelea naye, muandike jibu la swali moja: akikosa shule ya vipaji maalumu ya serikali, kama Ilboru, akakosa na ya binafsi, Januari atavaa sare ya shule gani?

Jibu lipo na si baya. Mtoto akifaulu darasa la saba, yaani akipata wastani wa daraja A, B au C, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, humpangia sekondari ya serikali, na wengi hupangiwa ya kutwa iliyo karibu na kwao. Ada hakuna. Ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia 2016, na mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na cha sita.

Nenda ukaione hiyo shule. Muulize mwalimu mkuu wa mwanao watoto wake hupangiwa wapi kwa kawaida, kisha nenda siku ya kazi, saa ya kutoka, usimame ng'ambo ya barabara. Tazama wanafunzi wanavyotoka, na kama walimu wanatoka nao au waliondoka zamani. Ongea na mama anayeuza mihogo getini. Huyo anaijua ile shule kuliko afisa yeyote. Pima umbali. Mji wetu ni wa baiskeli na ardhi yake ni tambarare, kwa hiyo mtoto wa Makorora au Mikanjuni mwenye baiskeli nzima ameshamaliza nusu ya tatizo la usafiri. Ulizia bei ya baiskeli, iandike kwenye ile karatasi.

Kisha mwambie mtoto. Mwambie mchana, mkiwa mnafanya kazi nyingine, mnapepeta mchele au mnaosha pikipiki, usingoje usiku baada ya ugomvi. "Ukipata Ilboru tutapiga vigelegele mpaka majirani watoke nje. Usipopata utakwenda shule ya kata, nimeshaiona, na baiskeli nitakununulia." Wapo wazazi wanaoniambia ukimwambia hivyo mtoto atalegea. Mimi sijamwona aliyelegea kwa hilo. Niliowaona wamelegea ni wale walioambiwa "ukifeli usirudi kwangu".

Umwambie na la pili: mlango hufunguliwa tena. Baada ya kidato cha nne serikali huchagua wanafunzi wa kidato cha tano nchi nzima, na shule zile zile kubwa kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora hupokea watoto waliotoka shule za kata. Mwanangu wa kwanza alisoma kutwa hapa hapa mjini miaka minne, akaenda bweni kidato cha tano, sasa yuko chuo. Hakuna anayemuuliza kidato cha kwanza alikaa wapi.

Shule za vipaji hazina fomu

Hapa wazazi wengi huchoka bure. Shule za vipaji maalumu za serikali ni saba. Za wavulana ni Ilboru iliyoko Arusha, Kibaha mkoani Pwani, Mzumbe ya Morogoro na Tabora Wavulana. Za wasichana ni Kilakala, nayo iko Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Wasichana. Hakuna hata moja mkoani kwetu. Sisi tuna Tanga Ufundi, ambayo huchukua wa masomo ya ufundi kwa uchaguzi huo huo wa serikali.

Hakuna kuomba, hakuna usaili, hakuna barua ya kumpelekea mtu. Wanatazama alama za mtihani wa taifa. Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300, na daraja A la jumla huanzia 241. Ila A peke yake haimfikishi mtoto Ilboru, maana wenye A nchini ni wengi kuliko vitanda. Mzazi akilielewa hilo mapema hatamwita mwanawe mzembe Desemba kwa sababu tu kapata A na kapangiwa kutwa. Nimewasikia wanaowaita hivyo, hapo hapo kwenye benchi langu, mtoto kasimama pembeni.

Kila mwaka pia hutokea mtu mwenye "ndugu yake wizarani". Ukimpa laki kadhaa ataliingiza jina. Mwombe akupe risiti uone atakavyotoweka. Na yule anayeuza mtihani wenyewe kwa Telegramu au WhatsApp usimjibu kabisa. Ikiwa ni wa uongo umeibiwa. Ukiwa wa kweli ndiyo hatari kubwa zaidi, kwa kuwa NECTA, baraza la mitihani la taifa, hufuta matokeo ya watahiniwa waliobainika kufanya udanganyifu, na mtoto wa miaka kumi na mitatu ndiye atakayebeba aibu uliyoinunua wewe.

Tarehe nne, na mtego ulio katikati yake

Bandika tarehe ukutani, nyuma ya mlango wa chumba chako, si cha mtoto. Mtihani wa taifa hufanywa Septemba, siku mbili, Jumatano na Alhamisi: mwaka 2024 ilikuwa tarehe 11 na 12, mwaka 2025 tarehe 10 na 11. Matokeo hutoka mwishoni mwa Oktoba au Novemba. TAMISEMI hutangaza nani kapangiwa wapi mwezi Desemba. Masomo huanza Januari.

Shule binafsi zina kalenda yao. Nyingi hufanya usaili baada ya mtihani wa taifa, kati ya Septemba na Novemba, na nyingine hutangulia. Na hapo ndipo mtego ulipo. Mtoto anafaulu usaili Oktoba, shule inakwambia lipa awamu ya kwanza kabla ya tarehe fulani ya Novemba ama nafasi inakwenda kwa mwingine. Unalipa. Desemba TAMISEMI inatangaza, mtoto kapata shule ya bweni ya serikali ambayo hukuitegemea. Unarudi kudai pesa yako, unaoneshwa mstari wa maandishi madogo nyuma ya fomu: malipo hayarudishwi.

Basi kabla ya kulipa, hata kabla ya kununua fomu, piga simu shuleni uulize mambo matatu, majibu uyaandike. Mtoto akichaguliwa na serikali Desemba, pesa inarudi, na ni kiasi gani? Tarehe ya mwisho ya kulipa inaweza kusogezwa hadi TAMISEMI watangaze? Kiasi kidogo kabisa cha kushikia nafasi ni shilingi ngapi? Ukijibiwa vizuri kwa simu, omba wakutumie kwa maandishi. Shule yenye utaratibu haikasiriki kwa swali hilo. Lipa kwenye akaunti ya benki ya shule, si kwa namba ya simu ya mwalimu, hata mwalimu mwenyewe awe muungwana namna gani, na karatasi ya benki uitoe kopi. Kopi moja ni shilingi mia tu.

Hesabu ya ada ifanye kwa miaka minne

Fomu nimeona za elfu kumi na nimeona za elfu hamsini. Fomu si tatizo, tatizo ni kununua fomu za shule tano kwa sababu jirani kanunua nne. Mimi huwaambia wateja wangu shule mbili, basi. Moja unayoitamani, moja unayoiweza. Ya tatu unainunua kwa woga.

Hesabu ada hivi. Tuseme ada ya mwaka ni 2,400,000. Zidisha mara nne, kwa sababu mtoto anaingia kukaa mpaka kidato cha nne: 9,600,000. Ongeza sare, godoro, tranka, nauli za likizo, michango wanayoiita kwa majina mbalimbali, na kumbuka ada hupanda. Jiulize pesa hiyo inatoka wapi mwaka wa tatu, biashara ikilala au mvua ikikataa. Ukiona ni lazima uuze kiwanja, zungumzeni kwanza ninyi wakubwa, na mtoto asijue habari ya kiwanja kabisa. Mtoto aliyeambiwa "nimeuza kiwanja cha Pongwe kwa ajili yako" anakwenda kufanya usaili amebeba kiwanja. Na kumtoa mtoto bweni kidato cha pili kwa kukosa ada kunamuumiza kuliko kuanza kutwa tangu mwanzo. Hilo nimeliona kwa ndugu yangu wa damu.

Safari ya usaili nayo ni pesa, wewe na mtoto. Uliza kwanza kama shule ina kituo cha kufanyia mtihani Tanga. Baadhi huweka vituo mikoani, na mzazi asiyeuliza anakwenda mpaka Dar es Salaam bila sababu. Ikibidi kusafiri, ondokeni jana yake. Basi la alfajiri kutoka Kange, mtoto akashuke na kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani, ni kumwonea. Kwa shule za Lushoto kama Kifungilo mnapita Segera, Korogwe, Mombo, kisha mnapanda mlima, na kule ni baridi: sweta, na kitu cha kutuliza kichefuchefu cha kona. Kwa anayekwenda Bagamoyo, Marian kwa mfano, hakuna haja ya kufika Dar ndipo urudi nyuma. Shukeni Msata, kuna lami mpaka Bagamoyo.

Mtoto wa kayumba na karatasi ya Kiingereza

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo ninapoona machozi mengi.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali, tunayoiita kayumba, amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Hisabati anaijua. Muulize mzingo wa duara, wastani, asilimia, riba, anakokotoa kama anacheza. Kisha anapelekwa kwenye usaili wa shule binafsi, anapewa karatasi ambayo kila swali liko kwa Kiingereza, amekaa na watoto wa ingilishi midiamu ambao maneno hayo wameyasikia tangu chekechea. Anatoka na alama 28 kwa mia. Mzazi anamwambia, "Kumbe ulikuwa unatudanganya na hizo namba moja zako." Hakudanganya mtu. Hakuelewa swali linataka nini.

Kama una nia ya shule binafsi na mwanao ni wa kayumba, kazi hii ianze Juni, si Septemba baada ya mtihani. Na isiwe tuisheni ya pili juu ya ya kwanza. Daftari moja, mstari katikati ya ukurasa. Upande huu neno la Hisabati au Sayansi kwa Kiswahili, upande wa pili kwa Kiingereza. Maneno kumi kwa siku, yale tu anayokutana nayo: jumlisha, sehemu, kadirio, pembetatu, mmeng'enyo, usanisinuru. Kitabu cha Hisabati cha darasa la saba cha ingilishi midiamu azima kwa jirani au nunua kilichotumika. Achukue mada aliyokwisha kuielewa kwa Kiswahili, afanye maswali yale yale kwa Kiingereza. Asijifunze mada mpya kwa lugha mpya kwa wakati mmoja; hayo ni mawili na yanavunja moyo.

Wewe hujui Kiingereza? Haidhuru. Shika daftari, mwulize neno la kushoto, yeye akutajie la kulia, akikosea utaona mwenyewe maana limeandikwa. Mama mmoja anayeuza samaki Deep Sea alifanya hivyo na bintiye kila jioni akipaa samaki. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, siku hizi akija dukani ananisalimia kwa Kiingereza.

Na mitihani ya zamani ya usaili inayouzwa: mimi nauza, nami nakwambia usinunue rundo. Nyingine zimechapwa na watu tu, hazina hata jina la shule, majibu yake yana makosa. Pata mbili tatu za kweli kwa mzazi ambaye mwanawe alifanya usaili kule mwaka jana, zitoshe.

Baada ya hapo, mwambie mtoto maneno haya kabla hajaingia: "Mtihani huu unapima Kiingereza chako cha leo. Sekondari utakwenda kujifunza hicho hicho." Naye ataingia ameshajua kwamba akikwama, hajawa mjinga.

Nyumbani, Julai mpaka Septemba

Chagueni mtu mmoja wa kumuuliza mtoto habari za masomo. Mmoja tu. Nyumba za kwetu zina watu: baba anarudi saa mbili usiku, "Umesoma?" Shangazi kapiga simu kutoka Muheza, "Wasoma lakini?" Babu barazani, "Wewe si ndiye utakayetutoa?" Wote wanapenda, na wote wanamtwisha mzigo. Waambie kwa adabu, "Shikamoo babu, tunaomba swali hilo tumwachie mama yake." Babu amuulize habari ya Coastal Union, inatosha kabisa.

Chuo, namaanisha madrasa, kina watoto wetu wengi jioni. Wazazi wengine humtoa mtoto ghafla Julai, na mtoto anakosa marafiki zake, anakosa na mahali alipozoea kutulia. Nenda kwa ustadhi, mueleze, muombe ampunguzie: siku mbili tatu kwa wiki, au amalize mapema. Maustadhi wengi wana watoto darasa la saba wao wenyewe, wanaelewa. Miaka hii ya karibuni Maulidi yameangukia Septemba, na mtaa wetu ukisoma Maulidi unasoma mpaka alfajiri kwa spika. Usigombane na mtaa. Mpeleke mtoto akalale kwa ndugu wa mtaa mwingine siku hiyo.

Usingizi usiuchezee. Mtoto wa miaka 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala kwa siku, wa 13 na kuendelea saa 8 hadi 10. Anayelala saa tano usiku akaamshwa saa kumi alfajiri amelala saa tano tu, na mwezi mzima wa hivyo anaanza kusahau hata alichokijua Mei. Shule yake ikiwa na kambi, uliza ratiba ya kulala kabla ya kuuliza ya masomo. Ukiona mwalimu anajisifu kwamba watoto wake hawalali, zungumza naye, mkiwa wazazi watatu wanne pamoja, kwa heshima.

Moko, yaani mtihani wa majaribio, nayo ina mambo yake. Moko ya mkoa hutungwa ikubane. Matokeo yakitoka mabaya, kazi yake ni kuonesha somo gani lishikwe, kisha ile karatasi iwekwe kabatini. Usiipige picha.

Ambalo linanileta kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Zima milio yake. Fungua mara moja kwa siku, baada ya chakula cha usiku, utafute tangazo la mwalimu, ufunge. Mle kuna mzazi anayetuma ripoti ya mwanawe saa kumi na moja alfajiri na emoji za mikono ya dua. NECTA yenyewe imeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora tangu Januari 2023, ilipotoa matokeo ya kidato cha nne cha 2022. Sisi wazazi ndio tumebaki tunapanga namba kwenye simu.

Na wewe, mzazi, mwili wako. Kama hulali, kama kila saa unataka kufungua daftari la mtoto, tafuta kazi ya mikono ya jioni. Mimi nilikuwa napanga upya rafu za duka, zilikuwa hazijawahi kupangika vile. Mume wangu alikuwa anakwenda Forodhani kutazama bahari, anarudi hana maneno. Mwenye la kulia alie kwa mtu mzima mwenzake. Ukiona mtoto ndiye aliyebadilika, anatapika asubuhi za shule, anakojoa kitandani upya, hali siku nyingi, au anasema bora afe, hilo si la kusubiri mtihani upite. Mpeleke kituo cha afya au hospitali ya Bombo, sema wazi unachokiona, na masomo yasimame kwanza.

Zile siku mbili

Hapa ni pafupi. Penseli za HB mbili, kifutio, kichongeo, vyote vimewekwa usiku. Maswali mengi ni ya kuchagua, jibu linasilibwa, yaani linatiwa weusi kwa penseli, kwenye fomu, kwa hiyo mwezi mmoja kabla afanye mazoezi ya kusiliba na ya kufuta bila kutoboa karatasi. Fomu za mazoezi tunachapa. Chakula kile kile anachokula kila siku. Kama ni chai na mkate wa ajemi, iwe hivyo, usimletee chipsi mayai kwa mapenzi ya ghafla. Mpeleke getini, mshike bega, ondoka. Wale wanaobaki kwenye uzio wanachungulia dirisha la darasa hawasaidii.

Akirudi Jumatano usimuulize majibu. Karatasi iliyokwisha imekwisha, na kesho yake kuna nyingine.

Matokeo yakitoka

Matokeo ya NECTA yako wazi kwenye tovuti yao, unafungua mkoa, wilaya, shule, unatafuta namba ya mtahiniwa. Kwa hiyo iandike namba hiyo mapema, mahali unapopajua. Nakusihi, ingawa ni biashara yangu, usije dukani na mtoto. Angalia kwa simu yako, peke yako, pumua, rudia kuangalia kwamba ni namba yake kweli, kisha mwite. Siku ile dukani kwangu kuna watu ishirini, kila mmoja anataka kusikia za mwenzake. Usiweke kwenye stetasi bila kumuuliza mwenye matokeo, yakiwa mazuri pia. Rafiki yake wa dawati moja huenda hakufaulu, naye anaona stetasi hiyo hiyo.

Majirani watauliza. Tayarisha sentensi moja: "Amefaulu, twangoja kupangiwa." Kama hakufaulu: "Matokeo tumeyaona, tunazungumza nyumbani." Ukiisema sentensi hiyo mara mbili bila kuongeza, hata mwenye kidomo huhamia habari nyingine.

Desemba TAMISEMI wakitangaza, toa ile karatasi ya mwanzo. Kama ni kutwa, kila kitu kimeandikwa humo, hadi bei ya baiskeli. Kama ni bweni, chapa maelekezo ya kujiunga ya shule hiyo hasa, kwa sababu kila shule ina orodha yake ya godoro, ndoo, fyekeo, rimu, rangi ya shuka. Usinunue kwa orodha ya mtoto wa jirani. Tranka nunua kabla ya sikukuu, Januari bei hupanda na zinabaki zilizobonyea. Jina liandikwe kwa rangi kwenye mfuniko na upande wa ndani pia, kwa maana la nje hukwanguliwa. Sare usinunue za saizi yake ya leo: fundi aache pindo la kutosha kwenye suruali au sketi, na mikono ya shati iwe mirefu kidogo.